Mswada mmoja, wasomaji wanne: uchambuzi wa kisa cha riwaya iliyokataliwa

Kuhusu kisa hiki

Nitamwita Mwanaisha, ingawa hilo si jina lake. Mji wake, jina la riwaya, wachapishaji na tuzo aliyoshiriki nimeviacha nje, na mambo kadhaa ya ndani ya hadithi nimeyageuza kidogo ili yasimtambulishe. Ameusoma uchambuzi huu na kuridhia utumike kufundishia. Mimi niliingia kama mhariri wake baada ya mswada kukataliwa mara ya kwanza. Yaliyotangulia nimeyapata kwake na katika daftari lake.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu waandishi wachanga wa Kiswahili hawaambiwi mapema kwamba sehemu kubwa ya maoni yanayogongana juu ya kazi yao haihusu ubora wa kazi hiyo. Chini ya maoni hayo kuna swali ambalo kila msomaji amekwisha kulijibu moyoni bila kumwambia mwandishi: kitabu hiki ni cha darasani, au ni cha mtu anayejisomea kwake jioni? Mwandishi asiyelijua swali hilo huona watu wanapingana juu ya kipaji chake, na huumia bure.

Usuli

Mwanaisha ni mzaliwa wa pwani ya Kenya, umri wake miaka thelathini na kitu, na kazi inayompa riziki haihusiani na vitabu. Aliandika usiku, watoto wakishalala. Mswada ulipokamilika ulikuwa na maneno kama 95,000, yaani kitabu cha kurasa zaidi ya 300.

Hadithi yenyewe ni ya mjane kijana aliye kwenye eda, muda ambao mjane wa Kiislamu hukaa ndani baada ya kufiwa na mumewe. Kwa miezi 4 na siku 10 hatoki, na kila anachokijua kuhusu ulimwengu wa nje huletewa na wanaokuja kumpa pole: mashoga zake, mawifi, wazee wa mtaa, wadai wa marehemu. Mumewe alikuwa akifanya kazi Muscat, Oman. Kidogo kidogo mjane anang'amua kwamba huko marehemu aliacha mke mwingine, na deni ambalo ukoo mzima unalijua isipokuwa yeye. Wazo la kumweka mhusika mkuu ndani ya nyumba moja, na kuifanya eda iwe ndiyo inayohesabu muda wa hadithi, lilinishika tangu kurasa za mwanzo. Bado naamini ndilo jambo lenye nguvu kuliko yote katika kazi yake.

Wahusika wake wazee wanazungumza Kimvita, lahaja ya Mombasa. Nyanya wa mjane husema "ndia" na si "njia", "mato" na si "macho", na anapomwita mjukuu humwambia, "Ndoo hapa, mwanangu, nikutizame." Katika mswada wa kwanza lahaja haikuishia midomoni mwa wahusika. Ilipenya hata katika usimulizi, pengine kwa makusudi na pengine kwa mazoea tu, na msomaji hakuweza kujua lini ni lipi.

Wasomaji wanne

Kabla ya kupeleka mswada popote, Mwanaisha aliwapa watu wanne kwa wakati mmoja. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Wa pili, mzee mshairi ambaye ni mjomba wa mama yake. Wa tatu, shoga yake wa tangu utotoni. Wa nne, rafiki wa Dodoma waliyefahamiana kikazi. Wote aliwaambia maneno yaleyale: "Nisomee, kisha uniambie umeionaje."

Sura tatu za mwanzo zilihusu mazishi na matanga, kwa kina, kuanzia maiti kuletwa hadi siku ya kuondoa matanga. Mwalimu alisema zikatwe zibaki kurasa chache. Mzee alisema zisiguswe, na ikiwezekana aongeze mambo ya khitma, kisomo cha kumwombea marehemu, ambayo vijana wa leo hawayajui. Shoga yake alisema alilia na kwamba pale hapana cha kubadilishwa. Rafiki wa Dodoma alisema wageni wa matangani walimchanganya, akakiweka chini, akaja kukichukua tena baada ya muda mrefu.

Kwenye lugha hali ilikuwa kali zaidi. Mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kimvita na kuandika pembeni "si sanifu". Mzee naye alilalamika kwamba Kimvita chenyewe kilikuwa kidogo mno. Kwa maoni yake riwaya nzima ingeandikwa hivyo, "kwa lugha ya wenyewe". Ikumbukwe kwamba mzozo huu una karibu miaka mia. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa licha ya hazina yake ya utenzi na mashairi. Watu wa Mombasa wa rika la mzee huyu wamekua na kumbukumbu hiyo. Mwanaisha alidhani mjomba anazungumzia mswada wake, kumbe sehemu kubwa ya maneno yale ingesemwa juu ya kitabu chochote.

Uamuzi wa kwanza: kumridhisha kila mtu

Alianza kwa kumfuata mwalimu, kwa sababu mwalimu alikuwa ameandika mengi zaidi na kwa uhakika zaidi. Akakata matanga, akasanifisha lugha yote. Alipomwonyesha mzee, mzee alinyamaza, na kimya cha mkubwa kina uzito wake. Akarudisha nusu ya alivyokata na kuongeza lahaja pale alipohisi pamepwaya. Marekebisho haya yote aliyafanya ndani ya faili lilelile, bila kuhifadhi nakala ya awali.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alifanya hivyo, alinijibu kwamba aliona ni utovu wa adabu kumwomba mtu muda wake kisha usifuate anachosema. Jibu hili nalichukua kwa uzito. Kwetu ushauri wa mkubwa ni zawadi, na zawadi haikataliwi usoni. Wanaofundisha uandishi kwa kusema "chukua unachotaka, acha usichotaka" hawajafikiria mwandishi anayepaswa kukutana na mshauri wake kila Idi.

Mswada uliopatikana ulikuwa na sauti mbili. Nyanya alizungumza Kimvita sura ya pili na Kiswahili cha taarifa ya habari sura ya sita. Huo ndio aliouwasilisha kwenye tuzo ya miswada, siku ya mwisho ya kupokea, na ndio aliowatumia wachapishaji watatu.

Majibu

Kwenye tuzo hakuingia hata orodha ndefu, ile ya mchujo wa kwanza. Hakupewa sababu, kama ilivyo kawaida: tuzo hupokea miswada mingi na waamuzi hawaandiki maoni kwa kila mmoja. Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nchini Tanzania zimefungua milango kwa miswada ya Kiswahili, lakini kutoingia orodha hakumwambii mwandishi chochote kuhusu ukurasa wake wa kwanza.

Mchapishaji wa kwanza aliandika mistari miwili: kazi "haiendani na orodha yetu kwa sasa". Wa pili aliandika barua ndefu. Alisifu wazo la eda, kisha akataka maneno yapungue hadi karibu 50,000, lugha iwe sanifu yote, na sura ya tisa iondolewe. Katika sura hiyo mjane, akiwa peke yake usiku, anaukumbuka mwili wa mumewe. Haina neno chafu hata moja. Wa tatu hakujibu.

Mwanaisha alizichukulia barua zote kuwa hukumu moja. Alimwandikia mchapishaji wa pili waraka wa kurasa kadhaa akiitetea sura ya tisa na kumweleza historia ya Kimvita. Hakujibiwa. Kisha kwa miezi mingi hakuandika neno.

Tulivyozisoma barua upya

Alipoletwa kwangu na mtu tunayejuana sote, jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuziweka barua mezani na kuuliza kila moja ilitoka kwa nani na anauza nini.

Kenya, Kiswahili ni somo la lazima hadi mtihani wa kidato cha nne. Mwaka 2023 watahiniwa wa KCSE walikuwa karibu 900,000, na karibu kila mmoja wao alitakiwa awe amesoma riwaya teule iliyopitishwa na KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala. Kitabu kimoja kikiteuliwa huuza kuliko riwaya nyingi za kawaida zikiwekwa pamoja. Riwaya inayotegemea wasomaji wa dukani huchapishwa nakala mia kadhaa, ikibahatika elfu chache, na mrabaha wa mwandishi kwa kawaida huzunguka asilimia 10. Tangu mwaka 2013 vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo mnunuzi ndiye anayeilipa. Mchapishaji mwenye mishahara ya kulipa huusoma kila mswada akiwa na darasa akilini. Simlaumu.

Kwa jicho hilo, barua ya pili ilibadilika sura. Masharti yake matatu, yaani urefu, lugha na sura ya tisa, yalikuwa sharti moja: tufanyie kitabu cha shule. Maoni ya mwalimu nayo yalikuwa hayohayo, kwa sababu mwalimu alisoma kama anayefikiria kukifundisha. Mzee alisoma kama mlinzi wa lahaja. Shoga alisoma kama mtu aliyemjua marehemu halisi ambaye kifo chake kilimpa Mwanaisha mbegu ya hadithi. Rafiki wa Dodoma peke yake ndiye aliyesoma kama mnunuzi wa kitabu asiyewajua wahusika wala mji, na ndiye ambaye Mwanaisha alikuwa amempuuza, kwa kuwa alisema machache na aliyasema kwa kuomba radhi.

Nikamuuliza: unataka kitabu hiki kisomwe na nani? Alichukua wiki nzima kujibu. Jibu lake lilikuwa, "Wanawake waliokaa eda, na watu ambao hawajui eda ni nini." Ni jibu zuri, na gumu kulitumikia, lakini angalau liliamua mambo. Kitabu hakingekuwa cha darasani.

Daftari la safu tatu

Tuliyaandika maoni yote upya katika daftari lenye safu tatu: ukurasa gani, msomaji alipatwa na nini hapo, alipendekeza nini. Halafu tukaifunika safu ya tatu kwa karatasi.

Ndipo jambo likajitokeza. Mwalimu alichoka katikati ya sura ya tatu. Rafiki wa Dodoma alikiweka kitabu chini mwisho wa sura ya tatu. Mzee, aliyetaka matanga yarefushwe, alipoulizwa tena alikiri kwamba alianza kusoma kwa hamu sura ya nne. Hata shoga mtu alisema kilio chake kilikuwa sura ya kwanza, "baadaye nilikuwa nasubiri". Waliopingana juu ya dawa walikuwa wameumwa mahali pamoja.

Sura ya nne ndipo simu ya marehemu inapoita, na sauti ya mwanamke asiyejulikana inauliza kwa lafudhi ya Muscat kama mwenye simu yupo. Kwa sura tatu msomaji alikuwa amekaa matangani bila kujua anangoja nini. Mwanaisha aliihamisha simu hiyo. Sasa inaita siku ya kwanza, maiti ingali ndani, na wifi anaipokea, anasikiliza, anaizima na kuifutika mfukoni. Matanga yakabaki karibu yote. Kila mgeni anayeingia kutoa pole sasa ana jambo analoweza kuwa anajua, na khitma ambayo mwalimu aliiona ndefu ikawa mahali pa kutazamana. Alikata kurasa kama kumi tu, nyingi zikiwa za majina ya jamaa waliotajwa mara moja wasirudi. Hilo lilikuwa lalamiko la Dodoma.

Kwenye lugha uamuzi ulikuwa wake. Msimulizi atumie Kiswahili sanifu. Wazee waseme Kimvita mwanzo hadi mwisho bila kuyumba. Vijana wachanganye kama wanavyochanganya mtaani. Hakuna faharasa nyuma ya kitabu. Kila neno la lahaja lieleweke kwa kinachotendeka lilipo. Nyanya akisema "ndoo", mtoto ainuke aende kwake, na msomaji wa Dodoma, Kigali au Bukavu atakuwa ameelewa bila kufunzwa. Kazi hii ilimchukua muda kuliko nyingine zote, kwa sababu ilimlazimu kusoma kila mazungumzo kwa sauti.

Kumrudia mzee

Hili nalieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa ndilo lililomnyima usingizi. Alikuwa ameamua kutofuata ushauri wa mjomba, na kunyamaza tu kungekuwa dharau.

Hakwenda kujitetea. Alikwenda kumwamkia, na baada ya kahawa akamwomba amsikilize akisoma sura ya nyanya. Akaisoma yote. Mzee alimkatiza mara kadhaa: neno hili mwanamke wa rika lile hangelitamka hivyo, hapa nyanya anamjibu mkwewe kwa namna ambayo hakuna bibi wa mjini angethubutu mbele ya wageni. Alikuwa sahihi kila mara, na Mwanaisha aliandika kila alichosema. Habari ya kuiandika riwaya nzima kwa Kimvita haikurudi tena. Mzee alikuwa amepata mahali ambapo ujuzi wake unahitajika kwelikweli, na kutoka siku hiyo akawa anauliza nyanya anaendeleaje.

Matokeo

Sura moja, ile ya wadai kufika mlangoni, iligeuzwa kuwa hadithi fupi na kuchapishwa katika mkusanyiko. Mswada mzima ulirudi kwa mchapishaji wa pili, safari hii na barua ya nusu ukurasa yenye kushukuru kwa usomaji wa kwanza na kueleza kwamba riwaya si ya shule. Wakakataa tena, kwa upole. Hilo tulilitarajia.

Kisha ukakubaliwa na mchapishaji mdogo wa nchi jirani anayetoa vitabu vya wasomaji wa kawaida. Kutoka kukataliwa kwa mara ya kwanza hadi kutia saini ilipita miaka karibu mitatu. Nakala za kwanza ni chache na malipo ni madogo. Sura ya tisa haimo: mchapishaji mpya hakuomba itoke, Mwanaisha mwenyewe aliiondoa mwishoni, akisema mama yake atasoma. Mimi niliona, na bado naona, kwamba kitabu kimepungukiwa. Eda inamfungia mjane mwili wake pia, na pasipo usiku ule msomaji analiona deni na mke wa pili, lakini haoni kilichopotea.

Kilichofaa na kilichoharibu

Kosa kubwa lilitangulia maoni yenyewe. "Umeionaje?" ni swali linaloomba hukumu, na watu wanne watakupa hukumu nne. Msomaji anayeulizwa "ulichoka wapi?", "nani alikuchanganya?", "ulipofika hapa ulidhani nini kitatokea?" anatoa ushahidi, na ushahidi wa mtu asiyejua fasihi una thamani sawa na wa mwalimu. Kuwapa wote wanne kwa mpigo kulimnyima pia nafasi ya kujaribu marekebisho kwa macho mapya.

Kufanya kazi ndani ya faili moja kulimgharimu. Kurasa kadhaa za mswada wa awali hazikupatikana tena, na baadhi tulizikumbuka kwa sababu tu shoga yake alikuwa na nakala ya karatasi. Kila duru ya marekebisho ingekuwa na faili lake lenye tarehe.

Waraka wa kujitetea ulifunga mlango uliokuwa wazi nusu. Barua ile ya masharti, hata kama masharti hayakubaliki, ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa na mswada kwa saa nyingi. Barua ya mistari miwili inamaanisha nenda kwingine. Kimya kikipita miezi 6, ulizia mara moja kwa adabu, kisha uuhesabu mswada uko huru.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile wiki aliyoitumia kujibu swali la msomaji wake ni nani. Daftari la safu tatu lilisaidia, lakini lingetumika na mtu asiyejua kitabu chake ni cha nani, lingempa tu orodha safi ya mahali pa kukata. Lahaja isingeweza kuamuliwa kwa daftari. Iliamuliwa kwa sababu alijua anamtaka msomaji wa Mombasa asikie sauti ya nyanya yake, na msomaji wa mbali asiachwe nje.

Sasa anaandika kitabu cha pili, kifupi, cha vijana wa shule, na hiki amekipangia urefu na lugha ya darasani tangu mstari wa kwanza. Amempa rafiki wa Dodoma asome kwanza, peke yake.